Shajara ya mradi: kutofautisha wino wa kalamu kwenye hati zinazoshukiwa kughushiwa

Shajara hii inafuata hatua za mradi mdogo unaofanyika katika maabara ya kufundishia kemia hapa Dodoma, nayo inaandikwa ili walimu na wanafunzi wenye vifaa vya kawaida waweze kuurudia. Swali la mradi ni finyu kwa makusudi: sehemu ya hati ikishukiwa kuongezwa au kubadilishwa baada ya hati kusainiwa, je, wino wa sehemu hiyo unaweza kutofautishwa na wino wa sehemu nyingine za hati ile ile? Hatuchunguzi mwandiko, wala hatupokei hati za watu. Kila hati inayotajwa humu tuliiandika na kuighushi sisi wenyewe, kwanza kwa sababu njia ya uchunguzi haiwezi kupimwa pasipo jibu linalojulikana, na pili kwa sababu kielelezo cha kesi kikitobolewa na mtu asiye na mamlaka nacho, thamani yake mahakamani huharibika. Kazi hiyo ina wenyewe katika Jeshi la Polisi.

Kwa upande wa sheria, kifungu cha 333 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kinaeleza kughushi kuwa ni kutengeneza hati ya uongo kwa nia ya kulaghai au kudanganya, na kubadilisha hati halali bila mamlaka kunahesabiwa humo. Kwa hiyo mtu aliyeongeza mstari mmoja tu kwenye tarakimu anaweza kuwa ameghushi hati nzima, na mara nyingi mstari huo mmoja ndio wino wote wa kuchunguza. Gharama zilizotajwa ni makadirio kwa shilingi za Tanzania.

8 Februari 2025: Kalamu, karatasi na hati za majaribio

Tulinunua bolpeni za buluu na nyeusi, kalamu za jeli na kalamu moja ya wino wa chupa, kutoka maduka ya vifaa vya ofisi, sokoni na kwa wamachinga. Jumla ilikuwa kama shilingi 25,000. Kila kalamu ilipewa namba yake, B kwa buluu na N kwa nyeusi, pamoja na tarehe na mahali iliponunuliwa. Hatukuzipanga kwa majina ya kampuni, na uamuzi huo ulithibitika baadaye: kalamu mbili zenye jina moja na umbo moja, zilizonunuliwa katika maduka mawili, zilitoa matokeo tofauti. Huenda kiwanda kilibadilisha mchanganyiko, huenda moja ni ya bandia. Kwetu sisi zilibaki kuwa B3 na B7.

Inafaa kueleza kilichomo kwenye kalamu hizi, kwa sababu hatua zote zinazofuata zinategemea hilo. Wino wa bolpeni ni mzito kama asali. Una rangi zilizoyeyushwa, resini ya kuushikisha kwenye karatasi, na viyeyushi visivyokauka haraka, hasa fenoksiethanoli na pombe ya benzili. Rangi hizo ni mchanganyiko: buluu moja inaweza kuwa na zambarau ya methili, buluu ya aina nyingine, na wakati mwingine rangi yenye shaba iitwayo fthalosianini. Wino wa jeli una maji, na mara nyingi rangi yake ni pigimenti, yaani chembe ndogo ngumu ambazo hazikuyeyuka bali zimeelea tu. Macho huona buluu na buluu, kumbe kemia zake hazina undugu.

Hati tulizochagua ni stakabadhi na makubaliano mafupi ya mauziano ya kiwanja, yale yanayoandikwa mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Desturi yetu ya kumalizia kiasi kwa alama ya /= na neno “tu” humzuia mghushi kuongeza sifuri mwishoni, kwa hiyo hukimbilia mwanzoni, ambako 1 hugeuzwa kuwa 4 au 7, au tarakimu hupachikwa mbele. Stakabadhi zetu zilighushiwa kwa namna hiyo: 150,000/= ikawa 450,000/=, na 200,000/= ikawa 1,200,000/=.

22 Februari 2025: Hadubini na mwanga wa pembeni

Hatua hii haikugharimu chochote, kwa kuwa hadubini ya somo la biolojia ilitosha, ikiwekwa kwenye ukuzaji wa chini na kumulikwa kwa tochi kutoka juu na kutoka pembeni. Bolpeni huacha mfereji kwenye karatasi, michirizi myeupe ndani ya mstari, na matone mazito kila mkono unapokata kona. Jeli huacha mstari uliojaa sawasawa na mfereji mdogo. Tofauti za aina hizo ziliwekwa wazi bila kemikali yoyote.

Kilichoshindikana ni kujua mstari upi ulipita juu ya mwingine pale bolpeni mbili zilipokatana. Mstari mweusi ulionekana kuwa juu ya ule wa buluu hata pale tulipojua kwamba ndio uliotangulia. Jicho hudanganywa na wino wenye rangi nzito, na hakuna marekebisho ya mwanga yaliyobadilisha hali hiyo. Tumeiondoa kazi hiyo kwenye mradi.

Lakini hadubini isidharauliwe. Mark Hofmann, muuza nyaraka za kale wa Salt Lake City nchini Marekani, aliwadanganya wataalamu wengi miaka ya 1980 kwa kutumia wino wa chuma aliouchanganya mwenyewe na kuuzeesha kwa kemikali. Kilichomfichua ni nyufa. Wachunguzi George Throckmorton na William Flynn waliona chini ya hadubini kwamba wino wa nyaraka zake ulikuwa umepasuka kama tope lililokauka, jambo ambalo halikuonekana kwenye nyaraka halisi za wakati ule. Kisha wakatengeneza wino wenyewe, wenye gundi ya mgunga, wakauzeesha kwa kemikali na kupata nyufa zile zile. Hofmann alikiri makosa mahakamani Januari 1987, yakiwemo mauaji ya watu wawili kwa mabomu aliyotega ili kuuficha ughushi huo. Tunamtaja kwa ajili ya mbinu ya wachunguzi, waliothibitisha dai lao kwa kuunda upya kile walichoshuku. Mbinu hiyo ndiyo tunayoifuata humu.

8 Machi 2025: Mionzi ya infraredi

Maabara kubwa zina mashine zinazomulika hati kwa rangi moja moja za mwanga na kuipiga picha kwa kamera inayoona infraredi, yaani mwanga ulio nje ya nyekundu ambao jicho haliuoni. Sisi tulitumia kamera kuukuu ya kuchomeka kwenye kompyuta, iliyonunuliwa kwa shilingi 20,000. Ndani yake, nyuma ya lenzi, kuna kioo chembamba kinachozuia infraredi. Kikitolewa kwa uangalifu, kamera huona hadi urefu wa wimbi wa karibu nanomita 1,000, wakati jicho hukomea takriban 700. Kisha mwanga wa kawaida ulitakiwa kuzuiwa. Kwa kazi hiyo tulipata bure, kutoka studio moja ya picha, vipande vya mkanda wa negativu ya rangi vilivyopigwa na mwanga mwingi hadi vikawa vyeusi kabisa baada ya kusafishwa. Vipande viwili vikipandanishwa mbele ya lenzi huzuia karibu mwanga wote unaoonekana na kuipitisha infraredi.

Picha za kwanza zilikuwa giza tupu. Tulibadilisha mkanda, tukabadilisha programu, tukashuku kwamba kamera imeharibika wakati wa kufunguliwa. Tatizo lilikuwa dari: taa zote za maabara ni za LED, na LED nyeupe haitoi infraredi ya kutosha. Balbu ya zamani ya waya unaowaka, ambayo tulihangaika kuipata kwa sababu maduka mengi yameacha kuiuza, ilitoa picha angavu papo hapo. Balbu na kishikio viligharimu shilingi 8,000. Tahadhari moja inahitajika: balbu hiyo hupasha joto, na joto hukausha viyeyushi vya wino na kuibadilisha hati kabla ya hatua zinazofuata. Sasa huwashwa wakati wa kupiga picha tu, ikiwa mbali na karatasi kadiri inavyowezekana.

Wino una njia tatu za kuupokea mwanga huu. Unaweza kuunyonya na kubaki mweusi, unaweza kuupitisha na kutoweka pichani, au unaweza kung'aa wenyewe. Kalamu zetu nyeusi ziligawanyika mara moja. Zile za jeli zenye masizi ya kaboni zilibaki nyeusi tii. Bolpeni nyingi nyeusi, ambazo weusi wake ni mchanganyiko wa rangi, zilififia au kutoweka kabisa. Stakabadhi ambayo 1 ya bolpeni ilikuwa imegeuzwa 4 kwa kalamu ya jeli ilionyesha pichani vijistari viwili vya ile 4 vikielea peke yake juu ya karatasi nyeupe, huku 50,000 na sahihi vikiwa havionekani. Wanafunzi walipiga makofi, na kwa kweli picha ile inaeleweka hata kwa asiyejua kemia.

Kwa upande wa buluu hapakuwa na sherehe. Karibu bolpeni zote za buluu zilitoweka kwa pamoja, jambo ambalo halisemi chochote isipokuwa kwamba ni bolpeni za buluu. Pia tuligundua tofauti ya uongo: pale mtu alipokandamiza kalamu, wino mzito ulibaki kijivu wakati mistari myepesi ya kalamu ile ile imeshatoweka. Tangu hapo tunalinganisha mistari yenye uzito unaokaribiana tu, na kila picha hupigwa pamoja na karatasi ya kulinganishia yenye mistari myepesi na mizito ya kalamu mbili zinazojulikana.

29 Machi 2025: Mng'ao wa infraredi

Baadhi ya wino hupokea mwanga wa buluu na kijani, kisha hurudisha sehemu yake kama infraredi. Ili kuuona mng'ao huo, hati imulikwe kwa mwanga usio na infraredi hata chembe, na kamera ione infraredi peke yake. Chujio la kale la kazi hii ni myeyusho wa mrututu, yaani sulfati ya shaba, ambayo hupitisha buluu na kijani na kunyonya nyekundu pamoja na infraredi iliyo karibu nayo. Tulijaza chupa ya mviringo kwa myeyusho huo na kuiweka mbele ya balbu, ndani ya boksi lenye tundu.

Karatasi nzima iling'aa. Kwanza tulidhani ni karatasi yenyewe, lakini kipande cha bati kilichowekwa mahali pake nacho kiling'aa, na bati halina mng'ao wa namna hiyo. Ilikuwa infraredi ya balbu ikivuja pembeni mwa chupa na kupitia kwenye kiungo cha boksi. Kuziba mianya kwa karatasi ya alumini na kuongeza unene wa myeyusho, kwa kuweka chupa ya pili nyuma ya ile ya kwanza, kuliondoa mvujo. Jaribio la bati limebaki kuwa hatua ya lazima: lisipokuwa jeusi, picha inayofuata haihesabiwi.

Baada ya hapo tatizo likawa kinyume chake, kwa kuwa mng'ao halisi ni hafifu na kamera ya bei rahisi hupiga picha fupi fupi zilizojaa chengachenga. Suluhisho lilikuwa la hesabu. Hati na kamera vilifungwa visicheze, picha nyingi zikapigwa mfululizo, kisha programu ya bure ikatafuta wastani wake. Chengachenga ziliyeyuka na mistari ikajitokeza. Hapa ndipo kundi la buluu lilipogawanyika: baadhi ziling'aa kama nyeupe, nyingine zilibaki kimya, na B3 na B7, zile pacha za jina, zikasimama pande mbili tofauti.

Uzito wa wino unasumbua hapa pia, tena kwa namna ya ajabu zaidi. Mstari mwembamba wa B5 uling'aa huku matone yake mazito yakibaki meusi, kwa sababu rangi ikijazana hujizuia yenyewe. Asiyejua hilo angeweza kuapa kwamba matone yaliongezwa kwa kalamu nyingine.

26 Aprili 2025: Kromatografia, awamu iliyoshindikana

Mwanga haukuacha alama yoyote kwenye hati, kwa hiyo ulistahili kutangulia. Kuanzia hapa tunatoboa, yaani tunakata vidoti vidogo vya karatasi yenye wino. Kromatografia hutenganisha rangi zilizomo kwenye wino kwa kuziacha zipande na kiyeyushi juu ya tabaka la kitu kinachozishika kwa nguvu tofauti; ile isiyoshikwa sana hufika mbali.

Ili kupunguza gharama tulianza na karatasi ya chujio na spiriti ya dukani. Karatasi ya chujio haikufaa: wino wa bolpeni ulipanda ukiwa umetapakaa kama moshi, na mipaka ya rangi haikuonekana. Tulikopa mabamba machache yaliyopakwa tabaka la jeli ya silika, na madoa yakawa safi. Kila kalamu ya buluu ilionyesha doa zuri la zambarau mahali pamoja, na kwa siku kadhaa tuliandika kwamba bolpeni zote za mkusanyo wetu zina zambarau ya methili.

Kisha mwanafunzi mmoja aliyekuwa akijifunza kudondosha sampuli alidondosha spiriti peke yake pembezoni mwa bamba, nalo doa la zambarau likapanda pale pale. Spiriti tuliyoinunua ilikuwa ya rangi ya urujuani. Rangi inayotiwa kwenye spiriti ya aina hiyo ili isidhaniwe kuwa kinywaji ni, kwa desturi ya miaka mingi, zambarau ya methili, rangi ile ile inayotumiwa katika wino wa bolpeni. Tulikuwa tunaweka ndani ya kila sampuli kile tulichokuwa tukikitafuta. Hakuna kosa baya kuliko hili katika kazi ya namna hii, kwa sababu matokeo yake ni nadhifu: madoa yalikaa mahali yanapotarajiwa na hakuna aliyekuwa na sababu ya kuyatilia shaka.

Matokeo yote ya awamu hii yamefutwa. Spiriti, karatasi za chujio na mabamba yaliyopotea ni kama shilingi 40,000. Kuanzia sasa kila bamba lina njia mbili za ziada za kupandishia madoa, moja ya kiyeyushi kitupu na nyingine ya vidoti vya karatasi isiyoandikwa, iliyokatwa kutoka hati ile ile karibu na maandishi. Njia hizo zisipokuwa safi, bamba zima hutupwa bila kujadiliwa.

17 Mei 2025: Kromatografia, awamu ya pili

Viyeyushi vya kiwango cha maabara viligharimu shilingi 120,000, na mabamba ya silika yasiyo na kemikali ya kung'aa, yaliyonunuliwa rejareja, shilingi 180,000. Utaratibu tulioufikia ni huu. Sindano ya hospitali ya namba 18 husagwa ncha hadi iwe bapa, kisha hutumika kutoboa vidoti vyenye upana usiofikia milimita moja, vyote kutoka katikati ya mstari wa wino. Vidoti kama kumi huwekwa kwenye kichupa kidogo na kudondoshewa ethanoli safi kwa sindano ya insulini, ambayo kipimo chake kimoja ni mililita 0.01. Myeyusho huo hupigwa kwenye bamba kwa mrija wa kioo uliovutwa motoni, sentimita moja kutoka chini, doa lisizidi milimita mbili. Mstari wa kuanzia huchorwa kwa penseli. Kalamu ingepanda pamoja na sampuli. Kiyeyushi cha kupandishia ni mchanganyiko unaotumiwa sana katika uchunguzi wa wino: aseteti ya ethili sehemu 70, ethanoli 35 na maji 30. Chupa hufunikwa na kuachwa ijae mvuke kabla ya bamba kuingizwa, la sivyo kiyeyushi hupanda kwa mawimbi.

Maabara zilizobobea huyeyusha wino wa bolpeni kwa piridini. Sisi hatuitumii, kwa kuwa ni sumu, inanuka vibaya, na maabara yetu haina kabati la kufyonza mvuke. Ethanoli huacha rangi kidogo kwenye vidoti, hasa vya wino uliokaa muda mrefu, kwa hiyo hatulinganishi wingi wa rangi, bali mahali madoa yalipofika na rangi zake, chini ya mwanga wa mchana na chini ya tochi ya urujuanimno ya kukagulia noti. Tochi hiyo ina faida isiyotarajiwa: rangi ya waridi inayong'aa kwa rangi ya machungwa ilionekana katika bolpeni mbili ambazo mchana zilifanana kabisa.

Kwa kalamu za jeli zenye pigimenti, ethanoli haikutoa kitu. Vidoti vilibaki na rangi yake na bamba likabaki tupu. Hilo lenyewe ni jibu, kwani wino unaoyeyuka na wino usioyeyuka haviwezi kuwa wino mmoja.

Hati zenye muhuri zilileta usumbufu wa peke yake. Kidau cha muhuri tulichotumia ni cha zambarau, na vidoti vilivyotobolewa karibu na ukingo wa muhuri vilionyesha zambarau ambayo haikuwa ya kalamu. Sasa tunatoboa mbali na muhuri, na njia moja ya bamba hutengwa kwa wino wa muhuri wenyewe.

28 Juni 2025: Jua

Jaribio hili halikuwa kwenye mpango wa awali. Lilitokana na stakabadhi iliyosahaulika kwenye meza ya dirishani, ambayo wino wake, ingawa uliandikwa wote kwa B2, ulionyesha kwenye bamba madoa tofauti kati ya mwanzo na mwisho wa mstari mmoja. Tuliandika mistari mipya, tukafunika nusu ya kila mstari kwa kadi nyeusi na kuuacha wote kwenye jua la dirishani, ili joto na muda viwe sawa kwa nusu zote mbili na mwanga ndio pekee utofautiane.

Baada ya majuma machache nusu zilizofunikwa zilikuwa kama awali. Katika nusu zilizoachwa wazi, doa la zambarau lilikuwa limepungua, na karibu nalo yalikuwa yameongezeka madoa hafifu ya rangi zinazofanana. Kemia yake inajulikana: mwanga huziondoa taratibu zile sehemu za methili kwenye molekuli ya zambarau, moja baada ya nyingine, na kila hatua huzaa rangi mpya. Kwa maneno mengine, kalamu moja na jua vinaweza kutengeneza kitu kinachofanana na kalamu mbili.

Madhara yake kwa uchunguzi ni makubwa kuliko yanavyoonekana. Hati iliyowekwa kwenye fremu, iliyokunjwa kwa muda mrefu, au iliyofunikwa nusu na kitu kingine, inaweza kumtia hatiani mtu asiye na kosa. Tumebadilisha utaratibu: sampuli za kulinganishia hutolewa sehemu kadhaa za maandishi yasiyobishaniwa, na angalau moja itoke jirani kabisa na sehemu inayoshukiwa, mahali ambapo mwanga ulifika kwa namna ile ile. Rangi ya karatasi chini ya tochi ya urujuanimno husaidia kuonyesha ni wapi hati ilipigwa na jua.

12 Julai 2025: Swali la tarehe

Wanafunzi wanauliza kila mara kama tunaweza kusema hati iliandikwa lini. Kwa vifaa hivi, hapana. Njia inayotumika ni kupima fenoksiethanoli inayoendelea kutoka kwenye wino, kwa kromatografia ya gesi, na hata hiyo hufaa kwa maandishi machanga tu, kwani sehemu kubwa ya kiyeyushi hutoka mapema na kasi yake hutegemea joto, karatasi na mahali hati ilipohifadhiwa.

Njia ya pili ni ya historia. Hati yenye tarehe ya mwaka 1930 iliyoandikwa kwa bolpeni huanguka yenyewe, kwa kuwa hataza ya László Bíró ni ya 1938 na bolpeni zilianza kuuzwa New York Oktoba 1945. Rangi za fthalosianini ya shaba ziliingia kwenye bolpeni katika miaka ya 1950. Ndiyo maana Idara ya Usiri ya Marekani (Secret Service) hutunza maktaba ya wino wa kalamu za watengenezaji wengi. Mkusanyo wetu hauna tarehe za kutengenezwa, una za kununuliwa tu, lakini tumeanza kununua kalamu chache kila muhula na kuziandikia mistari papo hapo.

2 Agosti 2025: Jaribio la majibu yaliyofichwa

Mwenzetu anayefundisha sheria alituandalia stakabadhi na makubaliano, baadhi yakiwa yameghushiwa na baadhi yakiwa safi, na kuweka majibu kwenye bahasha iliyobandikwa. Tuliruhusiwa majibu matatu tu: wino unatofautishwa, haukutofautishwa kwa njia zilizotumika, haiwezekani kusema. Jibu la nne, kwamba kalamu ni ile ile, halipo, kwa sababu kiwanda hujaza maelfu ya kalamu kutoka pipa moja.

Nyeusi za jeli juu ya bolpeni zilikamatwa zote kwa infraredi, kabla hatujagusa sindano. Buluu mbili zilikamatwa kwa mng'ao na moja kwa bamba peke yake. Stakabadhi iliyoghushiwa kwa kalamu nyingine ya boksi lile lile ilitupita, na tuliandika kwa usahihi kwamba wino haukutofautishwa. Mwenzetu alifurahi kutuonyesha kwamba hati ile, ambayo katika taarifa yetu haikuwa na kasoro, ilikuwa ya uongo. Stakabadhi nyingine, iliyo safi, ilionyesha madoa tofauti upande wa kulia. Aliiweka dirishani makusudi. Sampuli ya jirani ilituokoa, tukaandika kwamba haiwezekani kusema.

Jambo lililozua mjadala mrefu ni makubaliano ya kiwanja yaliyokuwa na wino wa aina nne. Tulizitofautisha zote, na hati ilikuwa halali: muuzaji, mnunuzi, shahidi na mwenyekiti kila mmoja alisaini kwa kalamu yake. Wino kutofautiana ndani ya hati ni jambo la kawaida, na mtu anaweza hata kubadilisha kalamu katikati ya sentensi pale ya kwanza inapokauka. Wino kubadilika ndani ya tarakimu moja ni suala jingine kabisa. Kwa hiyo taarifa zetu sasa hutaja mahali hasa tofauti ilipo, kwa mfano “mistari miwili ya kushoto ya tarakimu 4”, na huishia hapo. Nani aliandika na kwa nia gani ni maswali ya mahakama. Hata mtaalamu aliyeidhinishwa hutoa maoni tu, nayo mahakama ina uhuru wa kuyakataa.

16 Agosti 2025: Hesabu na kilichobaki

Gharama zote, pamoja na zile za awamu iliyofutwa, zimefika takriban shilingi 400,000, na mabamba na viyeyushi ndivyo vilivyokula sehemu kubwa. Anayeanza na bajeti ndogo anaweza kuishia kwenye hatua ya mng'ao na bado akapata mafunzo mengi kwa chini ya shilingi 60,000, mradi asiruke jaribio la bati.

Jozi moja haijatenganishwa. N4 na N9, bolpeni nyeusi za majina tofauti, hutoweka pamoja kwenye infraredi, hazing'ai, na madoa yake hufika mahali pamoja kwenye bamba. Tumejaribu kiyeyushi cha pili kinachotumiwa katika kazi hii, butanoli sehemu 50, ethanoli 10 na maji 15. Kilipanda polepole mno kwa vipindi vya darasa, na bamba la kwanza lilitolewa kabla halijafika nusu. La pili litaingizwa chupani Jumamosi asubuhi, likiwa na N4, N9, ethanoli tupu na karatasi tupu, na litaachwa hadi litakapomaliza.